Chuo Kilichopimwa kwa Masikio

Hospitalini walimwita Antena kwa sababu hakuna sauti iliyompita. Alikaa kwenye kijumba cha vioo karibu na mlango mkuu, akipokea simu za nje na kuzigawa: huyu wodi ya wazazi, huyu maabara, huyu anamtafuta daktari wa meno aliyehama zamani. Surua ilimpofusha kabla hajaanza shule. Mkewe alikuwa fundi wa miwani, na watu hawakuchoka kumtania kwamba ameolewa na mteja ambaye hatanunua kitu dukani kwake maisha yake yote. Yeye huwajibu kwamba angalau huyu harudishi bidhaa.

Habari ya chuo ilianza na mkutano. Uongozi wa hospitali ulitaka kuleta mtambo wa kujibu simu, na wapokea simu wote waondoke. Meneja alikuwa na sauti ya kujaza chumba, sauti ya mtu aliyezoea kuongea amesimama huku wengine wamekaa. Chama cha wafanyakazi kikaleta wakili, mama mmoja ambaye hakupaza sauti hata kidogo. Aliomba mkataba wa kazi, akausoma kifungu kimoja kimoja, na baada ya kila kifungu akauliza, "Na hapa mlikusudia nini?"

Antena akaisikia sauti ya meneja inapungua kama redio inayoishiwa betri. Mwishowe kilichosikika upande ule ni kiti tu, kikilia kila mwenyewe alipojigeuza. Mtambo haukuja.

Watu walitoka wakishangilia, lakini Antena alibaki amekaa. Ushindi aliufurahia, ila kilichomduwaza ni kingine. Maneno yale yalikuwa kwenye karatasi miaka yote hiyo, ndani ya droo, kimya, mpaka alipotokea mtu anayejua kuyafanya yaseme.

Alimfuata wakili kwenye ujia. "Mama, samahani. Sheria ulisomea wapi?"

"Chuo cha umma, hapo kilimani."

"Ni kizuri?"

Mama akacheka kidogo. "Inategemea umeniuliza siku gani. Una mtoto anayetaka kwenda?"

"Ni mimi."

Antena alikuwa amejiandaa kwa huruma, lakini haikuja. "Basi nenda ukakipime mwenyewe," alisema yule mama. "Neno langu usilichukue. Mimi nakipenda."

Jioni alimweleza mkewe, ambaye alikuwa anakaanga vitunguu. Mwiko ukasimama.

"Baba watoto, una miaka arobaini na moja."

"Miaka naijua. Nisiyoijua ni sheria."

Mwiko ukaendelea na kazi, na kwa mwendo wake Antena akajua mwenzake anatabasamu.

Jumapili akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza vipuri vya magari na mtu wa maoni mengi. Habari alikwisha kuzipata. "Shemeji, kile chuo kimechoka," alisema kabla hajakaa vizuri. "Migomo haiishi, viti vimevunjika, darasa moja watu kama uwanja wa mpira. Nenda chuo binafsi, kile cha ghorofa la vioo mjini. Ukiingia tu unaona mambo yamenyooka."

"Hayo ya kuona umwachie dada yako," Antena alimjibu.

Shemeji akababaika, kisha wote watatu wakaangua kicheko. Hata hivyo maneno yake yalimkaa Antena kichwani, maana kuhusu migomo hakuwa amesema uongo.

Kwa hiyo akaanza uchunguzi. Siku ambazo zamu yake ilikuwa ya mchana, asubuhi alikwenda mahakamani, akakaa benchi la nyuma na kusikiliza. Wakili akimaliza, Antena humngoja mlangoni na fimbo yake nyeupe, amuulize alisomea wapi. Mmoja alimtia sarafu mkononi. Antena akamrudishia na kurudia swali.

Majibu yalimchanganya. Kijana aliyeongea mpaka jaji akaacha kuandika ili asikilize, alitoka chuo cha kilimani. Yule aliyechanganya jina la mteja wake na la mshitaki, naye alitoka kilimani. Wa ghorofa la vioo walikuwa katikati: hawakumtia mtu aibu, wala hawakumsimamisha mtu nywele. Wakili mmoja mzee, ambaye pumzi zake zilikuwa za mvuta sigara, ndiye aliyempa picha kamili.

"Pale kilimani hakuna wa kukushika mkono, ndugu yangu," alimwambia. "Ukitaka kulala, utalala mpaka umalize na hakuna atakayekuamsha. Ukitaka kusoma, hakuna atakayekufungia mlango. Jina la chuo limejengwa na wale wasiolala. Wengine tunalitumia tu."

"Wewe ulikuwa upande gani?"

"Mimi nililala mwaka wa kwanza," mzee alisema. "Nimekuwa nikiufidia mpaka leo."

Siku chuo kilipofungua milango kwa wageni, mke alifunga duka, wakapanda kilima pamoja. Ofisi ya udahili ilikuwa na feni inayokwaruza na dada mmoja mwenye sauti ya uchovu. Alieleza kwamba waombaji ni wengi mno kuliko nafasi. Waliomaliza shule zamani kama Antena hufanya mtihani wa watu wazima, wa lugha na wa kujenga hoja, kisha usaili.

"Na asiyeona?" Antena aliuliza.

Feni ikakwaruza. "Kaka, nikuambie ukweli?"

"Ndicho nilichopandia kilima."

"Kanuni zinaruhusu. Lakini vitabu vya nukta nundu hatuna hata kimoja. Kompyuta inayosoma kwa sauti ipo moja, na leo mbovu. Asiyeona aliyewahi kusoma hapa ni mmoja tu, kabla mimi sijaajiriwa."

"Alimaliza?"

"Alimaliza. Ni hakimu sasa."

Antena alihisi mkono wa mkewe unamkaza kiwiko.

Upande wa ada, serikali ilikuwa inabeba sehemu kubwa, kwa hiyo chuo cha kilimani kilikuwa nafuu sana kuliko cha vioo. Dada akawatajia na yale ambayo hayakubandikwa ukutani: kudurufu vitabu, nauli za mafunzo kazini, na baada ya shahada, mwaka mwingine wa shule ya uwakili wenye ada yake. Mke akauliza kama mtu anaweza kulipa kwa awamu, akaambiwa anaweza. "Ni kama dukani kwangu," alimnong'oneza mumewe walipotoka. "Bei ya dirishani ni ya fremu. Lenzi unaambiwa ukishakaa."

Wakaingia maktaba. Antena alizoea kuujua ukubwa wa chumba kwa jinsi kinavyorudisha mlio wa nyayo, na pale mlangoni alisimama. Chumba hakikurudisha kitu. Vitabu vilikuwa vinameza kila mlio, na kimya chake kilikuwa na harufu ya ngozi, vumbi na gundi. Mkutubi, mzee mwenye viganja laini, akamuuliza anatafuta nini. Antena akasema hatafuti kitu, anataka tu kujua kilichopo.

Mkutubi akamshika mkono, akauweka juu ya migongo ya vitabu. "Hizi ni hukumu. Tunaanzia za zamani kabisa. Twende."

Wakaenda. Vidole vya Antena vilipita kwenye ngozi iliyopasuka, kisha kitambaa, kisha jalada gumu lenye herufi za kuchimbwa, kisha karatasi laini. Walikata kona wakaendelea, wakakata nyingine, na rafu hazikuisha.

"Vyote hivi ni kesi?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimtoka ndogo.

"Vyote. Mipaka ya mashamba, ndoa, mizigo iliyozama, ng'ombe wa jirani. Kila moja ni watu walioshindwa kuelewana, na mtu mwingine akakaa chini akaandika kwa nini ameamua alivyoamua."

Antena aliwaza ugomvi wote aliousikia kwenye simu, ukipotea mara tu mtu akikata. Hapa haukupotea.

Mwisho wakapelekwa kwenye mahakama ya mafunzo, ambako wanafunzi walikuwa wanatetea kesi ya kubuni mbele ya jaji halisi aliyestaafu. Kijana mmoja akasimama, na kwenye sentensi yake ya kwanza akakwama. Alikuwa na kigugumizi kikali. Neno "mkataba" lilimshika kooni, likakataa kutoka.

Antena akatega sikio. Alingoja mtu akohoe, kiti kisogee, mtu amsaidie kulimalizia. Hakikusogea kitu. Ukumbi mzima ulimngoja, na jaji akangoja, mpaka neno likatoka lenyewe, na kijana akaendelea kwa mwendo wake mpaka hoja ya mwisho.

Kisha jaji akaamua dhidi yake. Alimwambia bila kulainisha kwamba hoja yake ya kwanza ilikuwa safi, lakini ya pili haikusimama, kwa sababu hukumu aliyoitegemea ilikwisha kutenguliwa. Arudi akasome. Kijana akajibu, "N-nimeelewa, Mheshimiwa," na katika sauti yake hamkuwa na unyonge wowote.

Nje, mke akauliza, "Basi, umeamuaje?"

"Wamemngoja," Antena alisema. "Halafu wamempiga kwa hoja. Hawakumhurumia. Mimi sijawahi kukaa kwenye chumba cha namna hiyo."

Mwaka ule mtihani alifaulu, lakini nafasi zilijaa kabla ya kufika kwenye jina lake. Akarudi kijumbani kwake, akafanya tena mwaka uliofuata, na safari hiyo wakamchukua. Sasa hospitalini anafanya zamu za usiku, mchana yuko darasani. Wanafunzi wenzake, wengine wa umri wa binti yake, humwita Mzee Antena na kugombania kukaa karibu naye, kwa kuwa mhadhara mzima anao kichwani. Migomo imeshamkuta mara moja. Kompyuta ya maktaba ilitengenezwa, ikaharibika tena.

Kwa hiyo hukumu anasomewa na mkewe, ambaye anazirekodi kwenye simu dukani huku anasaga lenzi. Mwanzoni alisoma kama mtu anayetimiza wajibu. Siku hizi rekodi zake zinachelewa, maana kila baada ya aya mbili anasimamisha mashine na kuanza kubishana.

"Hapa Jaji kakosea," husikika akisema. "Huyu mama alikuwa na haki. Ngoja nisome mbele, nione atajiteteaje."