Siku Niliyotawala Kama Marko Aurelio

Nyuma ya hosteli ninayokaa, mama mmoja anayelima mchicha ametundika makopo matupu kwenye kamba ili kuwatisha ndege. Upepo ukivuma, makopo hugongana kwa sauti kavu isiyo na mpangilio, nami, mwanamke mwenye mvi aliyerudi chuoni kusomea shahada ya pili ya historia, hujikuta nimeinuka kitini, mkono wa kulia ukitafuta kamba ya kuvuta. Hii ni wiki ya tatu sijaongeza hata ukurasa mmoja kwenye tasnifu yangu. Nawaeleza nyinyi sababu yake, kwa kuwa msimamizi wangu sijaweza kumweleza: ni mpunga wa Mwamkulu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa na miaka tisa. Baba mdogo Kalisto alirudi nyumbani kwetu Nsemulwa akiwa na sanduku la bati na viatu vyeusi ambavyo havijawahi kuona matope. Alikuwa ameacha seminari akiwa amebakiza mwaka mmoja tu apewe upadre. Baba, ambaye alikwisha kuutangazia ukoo mzima kwamba tutapata padre, hakumgombeza. Alifanya jambo lililouma zaidi: aliacha kumtaja kwa jina. Kisha siku moja, uani, mbele ya mama aliyekuwa akipepeta mchele, alimpa sharti.

“Nenda na hawa watoto shambani Mwamkulu ukaamie ndege. Mpunga ukifika nyumbani mzima, nitakukatia kiwanja ujenge hapa hapa. Usipofika, utafute pa kwenda.”

“Sawa, kaka.”

Mama alizidisha kupepeta hadi pumba zikamwingia baba machoni.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuamia ndege, niseme hivi. Mpunga unapoweka maziwa, punje ikiwa bado laini na tamu, kwelea, ndege wadogo wajao kwa makundi, huinyonya na kuacha ganda limesimama wima kana kwamba hakuna lililotokea. Huwezi kujua kuwa umeibiwa mpaka uliminye. Kwa hiyo tulijengewa ulingo wa miti, mrefu kuliko mtu mzima, na kutoka hapo kamba zilipita juu ya majaruba yetu sita ya mpunga, zikiwa zimefungwa makopo. Aliyekaa juu alivuta kamba. Waliobaki chini walikimbia kwenye matuta wakipiga kelele na kurusha vidonge vya udongo kwa kombeo. Tulikuwa watatu: mimi, kaka yangu Gaspari aliyekuwa na miaka kumi na miwili, na Redempta, binti wa shangazi, ambaye alikuwa na miaka kumi na ulimi wa miaka arobaini.

Kati ya kundi moja la ndege na jingine kulikuwa na saa ndefu za jua na harufu ya matope yanayokauka. Baba mdogo alizijaza kwa watawala wa Roma. Aliwajua kama sisi tulivyowajua majirani: nani alikuwa bahili, nani alimwogopa mama yake, nani alikuwa mpole hadi alipopewa madaraka. Ndipo alipobuni mchezo. Kila asubuhi mmoja wetu alichota jina kutoka kwenye kofia yake, na siku hiyo alitawala ulingo kwa tabia ya mtawala aliyemchota. Sheria ilikuwa moja: kamba haivutwi bila amri ya mtawala.

Gaspari alipokuwa Augusto, alitumia siku nzima kupanga makopo upya, kwa subira iliyotuchosha. Redempta alipomchota Klaudio, ambaye askari walimkuta amejificha nyuma ya pazia wakamfanya mtawala, alijificha kwenye matete hadi tulipomburuta kwenda kutawala. Alipomchota Vespasiano, aliyetoza kodi hata kwenye mkojo, aliamuru kila anayekwenda nyuma ya kichuguu arudi na vidonge kumi vya udongo.

“We Gaspari, umekwenda mara tatu. Kodi iko wapi?”

“Naumwa tumbo mwenzenu!”

“Mgonjwa analipa mara mbili. Nyie mnadhani Roma ilijengwa na wagonjwa?”

Baba mdogo alicheka mpaka akashika nguzo ya ulingo. Na siku Gaspari alipokuwa Kaligula, yule aliyetaka kumpa farasi wake cheo, alimteua mbuzi wa jirani kuwa waziri, akatukimbiza kutwa nzima kwa fimbo na matusi ya kubuni. Lazima niwe mkweli kwa ushahidi: siku ile hakuna ndege hata mmoja aliyetua.

Mimi nilimngoja Marko Aurelio. Baba mdogo alipomtaja aliteremsha sauti. Alisema huyu alitawala huku akijisuta, akiandika maneno ya kujionya mwenyewe kambini, vita ikiwa imemzunguka. Nilipolichota jina lake nilikitia kikaratasi mfukoni. Nilipanda ulingoni na daftari na kalamu ya wino, nikatoa amri yangu ya kwanza: katika utawala wangu hakuna kupiga kelele, maana mwenye kufikiri anahitaji utulivu.

“Huyu ndiye mtawala!” alisema Gaspari, na papo hapo akaenda na Redempta mferejini kuvua kambale.

Alasiri, baba mdogo aliona mguu mmoja wa ulingo unalegea. “Nakwenda porini kukata nguzo,” alisema. “Leo mkubwa ni wewe, mwanangu. Shika kamba.”

Nilishika kamba. Kisha nikaiweka chini, kwa sababu mtu hawezi kuandika akiwa ameshika kamba.

Walikuja kutoka upande wa jua, na sauti yao ilikuwa kama mvua nyepesi juu ya majani makavu. Niliwaona. Jambo hili sijawahi kumwambia mtu: niliwaona mapema. Lakini nilianza kujiuliza kama mtawala anaweza kuivunja amri yake mwenyewe. Na kama akiivunja, amri zake nyingine zina uzito gani. Na kama kuvuta kamba ni kelele, au ni kazi tu. Nilipopata jibu, majaruba mawili ya karibu na mfereji yalikuwa yamegeuka kahawia na yanatikisika. Nilivuta. Kamba ilikuwa imenasa kwenye miguu yangu mwenyewe.

Baba alifika kukagua kabla ndege hawajaisha kuondoka. Aliminya suke moja, akaminya la pili. Hakumuuliza Gaspari aliyekuwa na kambale mkononi, wala Redempta. Aliniuliza mimi, kwa kuwa ukoo mzima ulijua kwamba mimi ndiye mtoto asiyesema uongo.

“Kalisto alikuwa wapi?”

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina lile tangu baba mdogo aliporudi wakati wa Pasaka.

“Alikuwa anatusimulia, baba.”

Tazameni lilivyotengenezwa vizuri jibu hilo. Lilikuwa kweli ya jana. Na wakati ninalitamka, baba mdogo alikuwa amesimama kwenye tuta, nguzo mbili begani, jasho likimtoka. Alinitazama mimi, si baba.

“Ni kweli, kaka,” alisema. “Nilikuwa nasimulia.”

Kabla jua halijazama alikwisha kulifunga sanduku lake kwenye baiskeli na kuondoka kwenda Litapunga. Kwa kuwa hakukana, niliamini kwamba alikuwa na hatia. Naomba mnielewe: sikujifanya kuamini. Niliamini kweli, kwa miaka mingi, na niliposimulia kisa hiki nilisimulia hivyo.

Mwezi uliopita nilimpelekea msimamizi wangu sura juu ya mtawala Domisiano, ambaye nilimwita dhalimu nikiwategemea waandishi waliobaki hai baada yake. Pembeni aliandika kwa penseli: “Shahidi huyu alihitaji nini?” Ni swali la kawaida katika kazi yetu. Lakini nililisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini.

Nilikuwa nikijitetea kwamba niliogopa kipigo. Baba hakuwahi kunipiga. Nilichoogopa ni kupoteza sifa ya kutosema uongo, nikailinda kwa uongo. Na baba naye alihitaji kitu. Nguzo zile zilikuwa mbichi, utomvu ukichuruzika. Yeyote mwenye macho angejua mchukuzi wake alikuwa porini. Baba alizitazama. Hakuuliza.

Juma lililopita nilisafiri hadi Litapunga. Baba mdogo sasa anatembea kwa mkongojo, na sauti yake imekuwa nyembamba. Nilimweleza yote, kwa mpangilio, kama ninayetetea tasnifu. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Nilijua, mwanangu. Vidole vyako vilikuwa na wino. Lakini mimi kuondoka nilishakuzoea. Wewe, na miaka yako tisa, ungekwenda wapi?” Kisha akatikisa kichwa. “Kilichoniuma ni nyie kulala njaa. Majaruba yote sita!”

“Yalikuwa mawili, baba mdogo.”

Aliuegemeza mkongojo wake ukutani.

“Kaka alinitumia salamu kwamba yameliwa yote. Nami nikatuma nilichoweza.”

Hapo ndipo nilipokumbuka mahindi. Mwaka ule, baada ya mavuno, yalikuja kwa baiskeli gunia baada ya gunia, na mama aliyapokea kimya kimya mlangoni bila kutuambia yanatoka wapi. Mpunga wa majaruba manne ulikuwa ghalani, tukaula pamoja na mahindi yale, tukashiba kuliko mwaka wowote niliowahi kuujua. Nakumbuka nikimwambia Gaspari, kwa uhakika wa mtoto anayefikiri sana, kwamba Mungu ametupa mwaka wa neema.