Binti Yangu Mbele ya Mizani

Nilifurahi mwanangu alipoendelea kufunga baada ya Ramadhani. Alikuwa na miaka kumi na tano. Zile siku sita za mfunguo mosi alizimaliza, kisha akaniambia atafunga na kila Jumatatu na Alkhamisi. Nikampigia simu mama yangu Unguja kumpa habari, naye akamshukuru Mungu kwamba watoto wetu wa Ulaya hawajapotea wote. Sikujua kwamba nilikuwa nampongeza mtoto kwa kujiumiza.

Tunaishi Hayes, pembeni mwa London, mimi, mume wangu na binti yetu huyo wa pekee. Mume wangu anafanya kazi kwenye maghala ya mizigo ya uwanja wa ndege, mimi nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Binti yetu Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha atakujibu kwa Kiingereza. Kikorea ndicho alichojifunza kwa hiari yake. Alijifungia chumbani na daftari, akinakili herufi zao na kukariri nyimbo, na kila Jumapili alikwenda ukumbi wa mtaa kucheza na wenzake, wakiiga makundi ya wasichana wa Kikorea hatua kwa hatua, hata namna ya kukonyeza jicho. Sikuona ubaya. Niliona watoto wa kila kabila wameshikamana, nikasema bora hapa kuliko barabarani.

Khofu ilinianza siku ya kufua. Nilipokuwa nakunja nguo zake nikaona suruali ya skuli imebanwa kiunoni kwa pini tatu. Nikafungua kabati lake nizipange. Ndani ya mlango alikuwa amebandika karatasi yenye uzito wake wa kila asubuhi, na chini kabisa, kwa wino mwekundu, uzito anaoutaka. Pembeni kulikuwa na picha ya msichana mmoja wa kundi analolipenda. Alikuwa mzuri, na mabega yake yalikuwa kama ya mtoto aliyetoka kuugua. Nikakaa kitandani.

Aliporudi skuli nilimuuliza. Hakulia wala hakukana. Alinieleza kwa utulivu, kama mtu anayekuelekeza basi la kupanda, kwamba uzito ule ndio unaotakiwa na makampuni ya muziki ya Korea. Alikuwa ametuma video na amechaguliwa. Jumamosi ile kampuni moja kutoka Seoul ingefanya usaili katika hoteli karibu na Edgware Road. Alinitaka niende naye kama mzazi, na nikikataa, alisema, angekwenda peke yake. Baba yake alitaka kumfungia ndani. Mimi nikaona afadhali niwepo, nikione kwa macho yangu kinachomvuta.

Kazini nina mwenzangu, nesi wa Kikorea, mwanamke asiye na maneno mengi. Nilimwendea wakati wa chai nikitumai atacheka na kuniambia ni mambo ya utoto. Hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaenda kufunga mlango. Mdogo wake wa kike, alinisimulia, alichukuliwa na kampuni ya muziki akiwa na miaka kumi na mitatu. Akawekwa bwenini, akanyang'anywa simu. Kila wiki walipimwa uzito mbele ya wenzao, na aliyezidi alitajwa kwa sauti. Akafanya mazoezi miaka sita bila kupanda jukwaani hata mara moja, mpaka siku moja akaambiwa afungashe, kundi limeshapangwa na yeye hayumo.

"Yuko wapi sasa?" nikamuuliza.

"Yuko kwa mama. Ana miaka thelathini. Hawezi kula mtu akimtazama."

Akaongeza kwamba nisidhani ni makampuni peke yake. Kwao, alisema, wapo wasichana wanaopelekwa kupasuliwa kope ili macho yaonekane makubwa, wakimaliza skuli zawadi huwa hiyo, na wanaowapeleka ni mama zao, kwa mapenzi. Hakujua alivyonichoma. Mimi nilijipaka mkorogo wa kujichubua ngozi miezi mingi kabla ya harusi yangu, na wakubwa zangu wakinisifu kwamba sasa nang'ara. Na mwanangu alipokuwa na miaka tisa, mwanamke mmoja alimfinya shavu harusini akasema huyu mkimwachia ataziba mlango. Tulicheka wote. Wa kwanza kucheka nilikuwa mimi.

Jumamosi tukaenda. Wasichana walipanga foleni kwenye ukumbi wa hoteli, kila mmoja amebandikwa namba kifuani. Mizani ilikuwa pembeni, nyuma ya pazia lisilofika chini, nami nikaiona miguu ya mwanangu ikipanda, ikashuka, ikapanda tena. Kisha akaitwa kucheza. Alicheza vizuri, Mungu shahidi wangu, na kwa dakika ile moyo wangu ulijaa, nikaelewa jinsi mzazi anavyoweza kutia saini.

Mwakilishi wa kampuni alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti laini. Alitukaribisha mezani, akanipa mkataba kwa mikono miwili, kwa heshima. Kwa kinywa cha mkalimani alisema mtoto ana kipaji, sauti inafundishika, uso utapungua, na rangi ya ngozi wana wataalamu wa kuishughulikia. Mwanangu alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno. Nikausoma ule mkataba polepole. Kwa miaka saba kampuni ndiyo ingeamua akae wapi, ale nini, atibiwe na nani, na azungumze na nani.

"Akiumwa," nikauliza, "mimi nitaambiwa na nani?"

Mkalimani akamfikishia. Yule mwanamke akatabasamu.

"Sisi tutakuwa familia yake," likaja jibu.

Hakuna aliyenitisha pale, wala aliyepaza sauti, na hilo ndilo lililonitia baridi. Nikaurudisha mkataba mezani, nikamshika mwanangu mkono, tukatoka. Nje aliuchomoa mkono wake. Alisema nimemuua, akatangulia kwa hasira kuelekea stesheni. Nilimwona akianza kushuka ngazi. Kisha sikumwona tena, nikasikia watu wakipiga ukelele.

Alikuwa amelala chini, midomo imekuwa rangi ya majivu. Nilipomfungua zipu ya jaketi nilihesabu mbavu bila kutaka. Mwarabu mmoja mtu mzima alivua koti lake akamfunika, akawa anamsomea dua mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Hospitali daktari aliniambia moyo wa mtoto unapiga polepole kuliko wa wazee ninaowahudumia, kwa sababu mwili umeanza kujila wenyewe.

Siku ya tatu wodini aliniita nisogee.

"Naogopa kula, na naogopa kufa," alisema.

"Hata mimi naogopa," nikamwambia.

Alilazwa wiki tano, kisha ikafuata kliniki, mwaka mzima na zaidi. Tulifundishwa kula pamoja mezani, bila kusifu wala kulaumu. Mama yangu nimemkataza kuuliza kwenye simu kama mtoto amenenepa, alinuna, akazoea. Msichana mmoja wa kundi lao la kucheza mama yake alisaini mkataba, na mtoto amekwenda Seoul. Hapo mwanzo alikuwa akimwandikia mwanangu kila siku. Sasa meseji zimekatika, na mama yake anasema kampuni imemhakikishia kuwa hajambo.

Binti yangu bado anazipenda zile nyimbo na bado anacheza. Ananiambia kosa si la muziki, wala la wale wanaoimba, na kwamba wao ndio anaowahurumia zaidi. Namwamini. Lakini akichelewa chooni baada ya kula, nasimama ukumbini nikisikiliza kama anajitapisha, na siondoki mpaka nisikie mlango ukifunguka.