Niliwapikia kuku wakaguzi wa ulemavu, wakaniandika tajiri

Wakuu, mnaotaka kuniamkia nimeshawaitikia marahaba, okoeni bando. Haya ninayowaambia mengine nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyabeba mgongoni. Shule niliishia la tatu, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya, isogezeni wenyewe.

Ilikuwa ule mwaka wa viazi vitamu. Mnyauko ulipita migombani, ndizi zikaoza zikiwa bado kwenye mkungu. Tukala viazi asubuhi, viazi jioni. Jumapili tuliviponda na maharage ili vionekane ni chakula kingine. Mtu yeyote wa Nyabusozi ukimtajia mwaka huo, tumbo lake ndilo linaanza kujibu.

Nina mjukuu, Odilia. Miguu yake haijawahi kumbeba tangu azaliwe. Akili anayo, na mdomo anao zaidi. Mama yake ni marehemu, nikabaki naye mimi.

Shule nilikuwa nampeleka kwa kumbeba na kitenge kama mtoto mchanga, na yeye huko mgongoni ananiimbia hesabu sikioni. Lakini mtoto anaongezeka, bibi anapungua.

Nilichokuwa natafuta ni kitu kimoja tu: kiti mwendo, ili siku mgongo wangu ukigoma mtoto asiache shule.

Mtendaji wa kijiji akasema serikali inasaidia, nimwandikishe. Daktari akampima, akaandika kwamba hatembei, jambo ambalo hata kuku wangu walikuwa wanalijua.

Baada ya hapo, kusubiri. Njoo Jumatatu. Jumatatu ikifika, afisa yuko semina. Afisa akirudi, sistimu iko chini.

Nikamuuliza mtendaji, "Iko chini kama karanga au kama muhogo? Mimi jembe ninalo."

Akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimembeba mtu.

Hatimaye wakasema wakaguzi watakuja nyumbani kuona hali halisi. Hapo ndipo nilipoharibu.

Mimi ni Mhangaza, mzaliwa wa Rulenge, huku Biharamulo niliolewa tu. Kwetu mgeni anaanza kuuona uso wako. Shida yako ataiona baadaye, akishashiba.

Nikasiliba ukuta upya. Nikaazima viti vya katekista, nikavitandikia vitambaa vya kufuma. Mchele nikauomba kwa jirani yangu Mama Kabula, Msukuma mmoja mwenye ng'ombe na maneno. Kuku wangu aliyekuwa anataga nikamchinja. Odilia nikamvika gauni la komunyo la binamu yake, nikamkalisha kwenye kiti cha katekista kama bibi harusi.

Wakaguzi walikuja wawili. Walikula, wakalamba vidole. Mmoja akatazama huku na huku akasema, "Bibi, hapa kwako pamekaa vizuri."

Nikamwambia ahsante mwanangu, karibu tena. Nilifurahi jamani! Kumbe mwenzangu anaandika.

Siku ya mkutano wa kijiji majina yakasomwa. La kwetu halimo. Nikasimama kuuliza, nikaelezwa mbele ya watu: kaya ina uwezo, ina samani, inakula wali kwa kuku.

Wakuu, mwaka wa viazi! Kijiji kizima tajiri nilikuwa mimi.

Mama Kabula akanisubiri njiani ameshika kiuno. "Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma chake, "kwani wewe uliomba msaada au ulikuwa unaozesha?"

"Nyamaza. Mchele wako nao umeandikwa."

"Basi na mimi ni tajiri!" Akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

Nikakata rufaa. Rufaa nayo ikaenda wilayani ikalala.

Masika yakaingia. Asubuhi moja niliteleza na Odilia mgongoni, tukaanguka wote mtaroni. Tope mpaka kwenye kope. Yeye ndiye aliyeuliza kwanza, "Bibi, umeumia?"

Nilikuwa nimeumia. Mgongo ukagoma kweli. Odilia akawa anashinda nyumbani, anawasomesha kuku, na anaowaona wazembe anawafinya.

Ndipo akaja afisa mwingine, binti mdogo, mwenye adabu. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu. Safari hii nilimpa maji tu, ila Odilia nilimvika tena lile gauni la komunyo.

Akanisogelea, akasema kwa upole, "Bibi, nataka faili lako liende haraka. Mtoto mvue hilo gauni zuri, muweke pale kwenye vumbi, atambae kuja kwangu, nimpige picha. Wakubwa wakiona picha ya namna hiyo hawachelewi."

Odilia alikuwa anasikia. Akaanza kujisogeza ukingoni mwa mkeka.

"Bibi, niache. Mimi natambaa vizuri. Nitatambaa haraka."

Nikamshika bega. Nikamtazama yule binti nikamwambia, "Mjukuu wangu hatatambaa ili mkubwa aamini kwamba hatembei. Mpige picha akiwa amekaa, au funga simu yako."

Binti akaona haya. Akampiga akiwa amekaa, Odilia ametoa macho kama mtu wa pasipoti. Faili likaondoka.

Mpaka leo linashughulikiwa.

Siku hizi Odilia anaenda shule na mkokoteni wa Mama Kabula, zile siku ambazo ng'ombe hawalimi. Wakilima, anabaki na kuku. Kwa hiyo msije mkasema bibi ana kiburi, hataki kiti. Nakitaka. Nakiota.

Nilichojifunza: mkaguzi si mgeni. Mpe maji, kuku mfiche. Hilo nimelikubali, ingawa marehemu mama yangu angenitandika.

Anayejua mlango mwingine wa kugonga aandike hapa chini, nasoma polepole lakini namaliza. Na wewe unayetaka kuniambia ningemwacha atambae kidogo tu, picha ni mara moja, usichoshe vidole. Jana nimepigiwa simu kutoka wilayani. Eti, "Faili limekamilika, bibi, imebaki tu picha inayoonyesha hali ya mtoto, ile ya kukaa haitoshi." Nawe pokea jibu nililompa:

"Mjukuu wangu hatatambaa ili mkubwa aamini kwamba hatembei. Mpige picha akiwa amekaa, au funga simu yako."