Punje ya Tatu

Nakumbuka asubuhi moja kule Kinole, enzi za Mdachi, nikiwa na mtoto mmoja tu na ukaidi wa kutosha watu watatu.

Jumbe wetu alikuja na mchanjaji wa ndui kutoka Morogoro. Kila nyumba waliuliza idadi ya watu, jumbe akatia punje ya hindi kibuyuni kwa kila mmoja, kisha wote wakachanjwa mkononi. Sasa mjukuu wangu, sisi tulilelewa kwamba mtoto hahesabiwi. Ukiulizwa unao wangapi unajibu, "Wapo," basi. Kwa hiyo nilipowaona wakipanda mlima kuja kwetu, nilimweka binti yangu darini, juu ya mahindi tuliyoyakausha kwa moshi wa jiko.

"Mko wangapi humu?" jumbe akauliza.

"Wawili. Mimi na mume wangu."

Mtoto akakohoa kule juu. Nikasema ni paka. Jumbe alijua sina paka, lakini nyumba zilikuwa nyingi, akatia punje mbili, tukachanjwa sisi wawili, wakaenda zao. Nikajiona mjanja kweli.

Hazikupita siku nyingi, ndui ikaingia kijiji cha ng'ambo ya mto. Tulivisikia vilio vyao. Hapo ujanja wote ukaniisha, nikawa namkagua mtoto ngozi tangu asubuhi mpaka jioni. Mwishowe nikaenda kwa mjomba, mkubwa wa ukoo, nikampa shikamoo na kumweleza yote.

Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Alipanga punje tatu chini, akaondoa moja.

"Ukoo wetu unapita kwa binti," akasema. "Huyu hukumficha peke yake, umewaficha na wote atakaowazaa. Mfunge mgongoni, uteremke Morogoro kwa mchanjaji sasa hivi."

Niliteremka. Mvua ya Uluguru unaijua wewe, njia yote utelezi. Nilipofika mjini mchanjaji alikuwa anafungasha vyombo vyake. Akamtazama mtoto, akanitazama na mimi.

"Ndiye yule paka?"

Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka. Yeye akacheka, akafungua tena vyombo, akamchanja. Tukakaa kwa ndugu pale mjini mpaka kidonda kikakauka, na ndui haikumgusa.

Basi mwanangu, usimfiche mtu wako kwa anayekuja kumkinga. Ukiulizwa mko wangapi, wataje wote, hata anayenyonya, maana dawa huletwa kwa hesabu ya watu. Na jambo likikutia hofu, uliza wenzako. Kosa langu ni kwamba niliogopa peke yangu.

Lile kovu mkononi mwa mama yako, ulilokuwa ukilichezea ukinyonya, ndilo hilo. Mungu akujalie nyumba yenye watu wengi wazima, na ukiulizwa, uwataje kwa majina bila kutetemeka.