Mahali Ambapo Hata Siafu Hawafiki

Ruben Ntumba ni mwoga, na hakuna haja ya kumnyemelea ili ugundue. Atakwambia mwenyewe kabla hujakaa. "Miye niko mwoga toka tumboni," husema. "Siku ya kuzaliwa ilinipita kwa siku kumi. Nilikuwa ndani, nachungulia kama inje iko salama." Halafu anacheka kuliko wewe, na unabaki hujui kama umcheke au umpe pole.

Ana studio ndogo ya picha mtaa wa Katuba, Lubumbashi, yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Miaka mingi watu walipiga picha mbele ya maji yale na hakuna aliyelowa, basi Ruben akaridhika. Lakini mwaka ule, Pasaka ilipokaribia, akina mama walianza kuingia studioni na simu zao mkononi. "Papa Abi," walimwita kwa jina la binti yake, "angalia. Nataka hivi." Kwenye simu kulikuwa na watoto wadogo wa Ulaya, wamekaa katikati ya maua hadi shingoni. Huko kwao mwezi wa tatu ndio majira ya kuchanua. Bahati nzuri na Lubumbashi mwezi huo mvua inajiandaa kuaga, porini maua ni ya kumwaga. Maua hayakuwa shida hata kidogo. Shida ilikuwa vilivyomo chini ya maua.

Mara ya kwanza aliwapeleka watoto watatu wa waimbaji wenzake wa kwaya kwenye majani ya nyuma ya Luano, karibu na uwanja wa ndege. Aliwapanga vizuri kwenye mkeka, akapiga goti, akafumba jicho moja. Siafu hawakuwagusa watoto. Walikuja moja kwa moja kwa mpiga picha, wakapanda ndani ya suruali, wakapanda tena, na walipofika walikokuwa wanakwenda Ruben aliivua suruali mbele ya mama wanne wa kwaya huku akitaja watakatifu wasio wa kanisa lake. Lo! Picha iliyozunguka simu za mtaa juma lile haikuwa ya mtoto yeyote.

Mtu mwingine angeacha. Ruben alijitungia utaratibu. Alinunua buti za mpira, akachonga fimbo ya kupigia majani, akachukua fagio la mke wake. Jaribio la mwisho alilivumbua mwenyewe na alilionea fahari kama mtu aliyevumbua dawa: alivaa kaptura, akakaa chini pale pale kwenye maua, dakika kumi kamili kwa saa ya mkononi. Akiumwa yeye, hapafai. Asipoumwa, mtoto aje. Kwa namna hiyo alikalia nusu ya viunga vya Lubumbashi. Pahali pamoja palikuwa na nyuki. Pahali pengine majani yalificha shimo la wachimbaji, refu kama kisima, na alirudi nyuma kwa matako, inchi kwa inchi, akisali. Pahali pengine tena aliona nyoka, au mpira wa kumwagilia bustani. Mpaka leo hajui, kwa kuwa alipopata wazo la kuangalia vizuri tayari alikuwa barabarani.

Usimcheke sana. Yeye na mke wake Clotilde, mwalimu wa shule ya msingi, walikaa miaka tisa bila mtoto. Wakwe walisema, majirani walisema, hata pasta alisema. Kisha akaja Abigaël. Tangu siku hiyo woga wa Ruben, ambao zamani ulikuwa hauna kazi maalumu, ulipata kazi.

Basi siku moja, pembeni ya barabara ya Likasi, akakiona kilima. Miti ilikuwa imekoma chini kabisa, kana kwamba imekatazwa kupanda. Juu hapakuwa na majani marefu wala kichaka cha kufichia kitu, ila maua tu, mafupi, ya zambarau, madogo kama vifungo vya shati, na udongo mtupu katikati yake. Ruben akavaa kaptura, akakaa. Dakika kumi, kimya. Akaongeza kumi nyingine. Hakuna siafu. Hakuna sisimizi, hakuna inzi, hata mbu aliyepotea njia. Alisimama akainua mikono: "Bwana, hapa umeniandalia mwenyewe!"

"Una hakika?" Clotilde alimuuliza nyumbani.

"Mama Abi, pale hata sisimizi hayuko!"

Clotilde hakuuliza tena. Jumapili nne mfululizo, baada ya ibada, Ruben alimpeleka Abi, miaka miwili na nusu, ili ajaribu mwanga wa picha. Alimkalisha kwenye maua kwa gauni jeupe. Abi alichota udongo kwa mikono miwili, akala, kama wanavyofanya watoto wote, na baba yake akamfuta mdomo, akacheka, akapiga picha.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka akaja mteja wa kwanza, Mama Marceline, mwanamke wa makamo anayelima mboga, na mjukuu wake Chanda mgongoni kwenye kitenge. Alishuka kwenye teksi, akapanda kilima taratibu, akafika juu, akasimama. Hakufungua kitenge.

"Papa Abi, hii pahali ulipata namna gani?"

Ruben alikuwa anasubiri swali hilo maisha yake yote. Alieleza buti, fimbo, fagio, dakika kumi. Alieleza kwa Kifaransa cha shule, kisha akarudia kwa Kiswahili ili hekima isipotee.

"Nyoka?" akauliza Mama Marceline.

"Hakuna."

"Siafu?"

"Hakuna."

"Panzi? Ndege? Mududu yoyote?"

"Hakuna kintu, Mama! Hakuna kintu hata kimoja!"

"Na weye hauyiulize sababu?"

Ruben aliangalia fimbo yake, kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

Mama Marceline aliinama, akachuma ua moja, akaligeuza. "Miye nilizaliwa karibu na Kambove. Baba yangu alikuwa anatembeaka na bazungu ba mine, kule mugodini. Kazi yake ilikuwa kutafuta hii maua tu. Akiyiona, anasema: muchimbe hapa. Hii njo maua ya shaba, Papa. Inapenda udongo wenye sumu, ule wa madini ya shaba na cobalt. Zingine zote zinakufa. Siye batoto tulikatazwa kucheza penye iko, kwa sababu mutoto anakulaka udongo."

Ruben aligeuka. Abi, aliyeletwa awaonyeshe wenzake namna ya kukaa, alikuwa pale kwenye zambarau na mashavu yamejaa. Alimrukia, akamtia kidole mdomoni, na Abi akamng'ata mpaka damu. Kwenye kilima kile kizima, hiyo ndiyo mara pekee Ruben aliyoumwa.

"Ni mara ya ngapi analetwa huku?" akauliza Mama Marceline.

Alitaka kusema ya kwanza. Mungu anajua alitaka. "Ya tano," akasema.

Clotilde alikuwa anapiga pasi. Ruben alimwambia yote akiwa amesimama mlangoni, buti miguuni, bila kupunguza hata Jumapili moja. Clotilde akaiweka pasi wima, akamchukua mtoto, akamwogesha. Jumatatu ya sikukuu ilipita, Jumanne wakawa hospitali, damu ikatolewa, wakaambiwa majibu ni baada ya wiki tatu.

Wiki tatu hizo Ruben hakufaa kitu. Alimuuliza Abi "tumbo inauma?" mara nyingi hivi kwamba mtoto, kwa huruma, akajibu ndiyo. Alimbeba mbio hadi zahanati ya mtaa bila viatu, na muuguzi akakuta amekula karanga nyingi. Mama Marceline alikuwa amewaonya akina mama wote wasikanyage kilima kile, na alifanya vema, lakini mtaa ni mtaa. Walimpa jina: Prospecteur, yaani mtafuta madini. "Prospecteur, leo umetupatia nini, cobalt ao dhahabu?" Alicheka pamoja nao. Akiingia studioni alikaa nyuma ya pazia la maporomoko na kulia, na hakuna aliyejua ila mimi, na sasa wewe.

Siku ya majibu daktari alisoma karatasi mara mbili. "Cobalt iko juu kidogo. Haihitaji dawa. Asirudi kule, anawe mikono, mumulete tena baada ya miezi mitatu."

"Kidogo, Docta, ni kidogo gani?"

"Kidogo ya kunifanya niwaite tena."

Nje, kwenye ngazi, Ruben alimshika mke wake mkono. "Clotilde, unitukane. Wiki tatu haujanitukana. Nitakufa."

"Nikutukane nini?" Sauti yake ilikuwa imechoka. "Niliolewa na mwoga, nikajisemea: muzuri, huyu ataogopa kwa ajili ya nyumba nzima, miye nipumuzike. Miaka kumi na mbili nimekubebesha woga yote. Siku ile nilikuuliza mara moja, ukajibu, nikarudia kazi yangu." Akampandisha Abi mgongoni. "Sasa unipatie nusu. Peke yako umeshindwa."

Walipofika ukingo wa barabara Ruben alitanguliza mguu ili akague magari, kama kawaida, na Clotilde akamvuta shati arudi nyuma. Akaangalia yeye mwenyewe kushoto, akaangalia kulia, akaangalia tena kushoto, kisha akawavusha wote wawili.