Nusu ya Ukuta Tuliyowalisha Bakwe

Vita vilipozuia treni kuleta unga mweupe, tulianza kula ule wa njano, wa mahindi ya msaada. Bukari yake, yaani ugali wetu, ilikuwa tamu tu. Lakini mtaa mzima ulisema ni chakula cha ng'ombe, na kila nyumba iliipika mlango ukiwa umefungwa.

Ndipo bakwe wakatuma habari kwamba wanakuja. Hao wakwe ni watu wa mchumba wa yaya, dada yangu mkubwa. Walitaka kuona nyumba anayotoka. Yaya alimpenda yule kijana mpaka akawa anapiga pasi hata kitambaa cha kichwa. Wakirudi kwao na neno baya, ndoa imekwisha.

Baba, karani wa reli ambaye mshahara ulikuwa umemsahau, alichimba pemba, udongo mweupe, kwenye mtaro kando ya reli. Akaikausha, akaitwanga, akaiacha ndani ya beseni ili kesho yake apake ukuta wa mbele. Asubuhi nikamkuta tantine, mdogo wake mama, akiichekecha pemba ile pamoja na unga wa njano.

"Tantine, hii iko ya ukuta."

"Na weye? Bamama ba mimba banakulaka pemba kila siku. Batoto banazaliwa, banatembea."

"Ile ya kula banaichagua, banaichoma ku moto. Hii inatoka ku mtaro."

Mambo ambayo wapita njia huyafanya kwenye mtaro ule, nilishindwa kumtamkia mtu mzima. Nikakunja pua tu, nikitumaini ataelewa.

"Moto wa bukari hauko moto?" akauliza. "Funga kinywa. Unataka yaya yako azeekee hapa?"

Nikafunga. Kazi hiyo naiweza.

Bukari ikatoka nyeupe kama mashati ya kwaya. Sasa, kwetu mkwe halaumu chakula cha ukweni, na wenyeji hawali mbele ya bakwe. Kwa hiyo wa kuionja hakuwepo kwetu, na wa kusema hakuwepo kwao. Wakubwa wakatoka nje, wakaniacha mimi na jagi la maji ya kunawa.

Nikasikia meno. Krr. Krr.

Mchumba alitafuna huku akihesabu mabati ya paa. Mjomba wake, baba mnene mwenye kofia aliyeongoza msafara, alikula tonge akashushia maji, tonge na maji. Akaniangalia. Mimi nikaangalia mboga ya sombe.

Tantine angesalimika kama si ukuta. Pemba iliyobaki haikumtosha baba: nyumba ilikuwa nyeupe mpaka dirishani, halafu ikaendelea na rangi yake ya matofali. Wakati wa kuagana mjomba alisimama pale mpakani, akapitisha kidole ukutani, akakitia ulimini.

Baba, ambaye hakujua lolote, akaona haya. "Mutusamehe, mukwe. Pemba ilipunguka. Sijue imeenda wapi."

"Haina neno, mukwe," mjomba akasema, akijipapasa tumbo. "Nusu ingine tuko nayo sisi."

Baba akacheka kwa adabu. Tantine akakumbuka kazi nyuma ya nyumba.

Yaya alilia mpaka kitambaa chake kikakosa maana ya pasi. Kwake ile ilikuwa lugha ya watu wasiorudi. Kisha mchumba akatokea na baiskeli, gunia limefungwa nyuma. Ndani, unga wa njano.

"Mjomba anasema tutakuja kuongea mahari," akamwambia yaya. "Anaomba siku ile mupike hii, na musiiongeze kitu."

Yaya akauliza kwa sauti ndogo kama matumbo yao yamepona.

"Miye, papai ilinisaidia. Mjomba angali anangoja."

Siku ya mahari tulipika mlango ukiwa wazi. Mjomba akachukua tonge la kwanza, akaligeuza kwenye mwanga wa mlangoni, la njano pande zote, akala. Halafu akanisogezea sahani niongeze.

Baba bado anauliza nani alichukua pemba yake.