Betri Iliyotoka Muze

Mzee mfanyabiashara alikataa kulala ndani. Tulikuwa tumemtandikia kitanda nyumbani kwangu, mke wangu amempelekea maji ya moto ya kunawa, lakini yeye alichukua blanketi akaenda kukaa ndani ya pikapu, mbele ya ofisi ya kijiji.

"Jina langu liko chini ya hilo boneti," aliniambia. "Nitalilinda mwenyewe."

Ilikuwa Julai, na anayeijua Ufipa anajua Julai inavyomtenda mtu mzima. Mwenyekiti naye hakumwamini, akamweka mgambo mmoja amlinde mlinzi. Basi wakawa wawili pale nje kwenye baridi, na kati yao betri, wakingoja asubuhi.

Pikapu ile ilikuwa ya mzee kabla haijawa yetu. Ukoo wao ulikuwa na duka Sumbawanga mjini na magari yaliyoshuka bondeni Muze kuchukua mpunga na samaki wa Ziwa Rukwa. Sisi tulikuwa kijiji cha ujamaa upande wa Mollo, tumehamia pamoja miaka michache tu, na tulichoka kubeba wagonjwa kwa machela mpaka hospitali. Tulipouza maharage ya shamba la kijiji tukakubaliana kununua gari, hata kama ni kuukuu. Mzee alikuwa na pikapu anayotaka kuiuza, nayo ilikuwa Muze. Kamati ikatuma watu watatu kwenda kuitazama, na mimi nikiwemo, kwa sababu ujanani nilikuwa utingo wa malori. Shule yangu ni darasa la nne. Ya magari niliyapata kwa kuyasukuma.

Muze nilifungua boneti nikatazama nilichoweza kutazama. Betri ilikuwa sanduku jeusi lenye vyumba sita, kila chumba na kifuniko chake. Ndani kuna mabamba ya risasi yaliyozama kwenye maji yenye tindikali. Injini ikizunguka, dinamo inairudishia betri nguvu. Injini ikizimwa, kila taa inayowaka inakula akiba, na akiba ikiisha stata, ile mota ya kuwashia injini, haigeuki. Hayo niliyajua, ila kwa namna mwanamume anavyojua mapishi ya mkewe, kwa kuona tu. Maji yalikuwepo vyumba vyote. Nikaomba gari lilale bila kuguswa, na asubuhi niliwashe mwenyewe. Mzee hakupinga. Asubuhi likawaka kwa mguso wa kwanza, mpaka wenzangu wakapiga makofi.

Lakini Muze ni joto. Alfajiri ya Muze ni kama mchana wa kwetu, na udhaifu wa betri huonekana kwenye baridi. Jambo hilo halikumwingia akilini hata mmoja wetu siku ile. Kama lilimwingia mzee, sijui, na kwa kuwa sijui sitaandika kwamba lilimwingia.

Miezi ya kwanza gari lilifanya kazi vizuri. Halafu likaja suala la taa. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa bidii, na darasa la watu wazima lilikuwa karibu na mtihani. Watu walirudi mashambani jua limezama, na mafuta ya taa hayapatikani dukani. Akasema, "Taa tunazo, tena kubwa mbili." Pikapu ikageuzwa ikatazama ukuta wa darasa, mwanga ukaingia madirishani, injini imezimwa ili kuokoa petroli. Lazima niseme ukweli, lilikuwa wazo zuri. Mke wangu alisoma neno lake la kwanza kwa mwanga huo. Alirudi nyumbani akaandika kwa mkaa kwenye mlango wetu neno "maji", na mimi nikakataza watoto wasilifute. Kwa hiyo sikusema kitu juu ya betri. Na kwa kweli sikuwa na hakika kama kulikuwa na cha kusema, maana kila baada ya darasa tulisukuma kidogo na gari likawaka.

Baridi ilipoingia, asubuhi moja likakataa kabisa. Stata ilitoa sauti kama mtu anayeamshwa kwa nguvu, kisha kimya. Tukalisukuma mpaka miguu ikateleza kwenye umande. Siku hiyo palikuwa na mama aliyeshikwa na homa kali. Wakampitisha kwa machela kandokando ya gari lilelile tulilonunua ili asibebwe kwa machela. Alipona, lakini watu waliona.

"Tumeuziwa mzoga," mwenyekiti alisema kwenye mkutano. "Huyu ni mnyonyaji. Amekula jasho la wakulima huku anacheka." Akasema ataandika barua wilayani. Kila mtu pale alijua maana yake. Miaka ile mfanyabiashara akishatajwa hivyo kwenye barua ya kijiji, duka linafungwa kwanza, maswali yanafuata. Kisha mwenyekiti akanigeukia. "Na ndugu utingo ndiye aliyelikagua. Atakuwa shahidi wetu. Utasema betri ilikuwa mbovu tangu tunanunua. Au siyo?"

Nikasema sijui.

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Alikagua kwa macho ya kuazima!" Niliona aibu, maana hata mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza hivyohivyo. Lakini nikasema kwamba kuna njia ya kujua. Betri ipelekwe mjini ichajiwe ijae, irudishwe, ilale usiku mmoja kwenye gari bila kuguswa na bila taa kuwashwa. Ikiamka na nguvu, ubovu ulikuwa wa matumizi yetu. Isipoamka, ina ugonjwa wake. Na mzee aitwe awepo.

Mwenyekiti akasema, "Haya. Lakini ukishajua, utasema."

Kule mjini nilikaa na betri karakana mpaka ikajaa, ikitoa vipovu na harufu inayokwaruza koo. Fundi akaniazima kipimo cha tindikali. Ni bomba la kioo lenye mpira wa kufyonzea juu na kielea kidogo ndani. Ukifyonza maji ya chumba chenye nguvu, kielea kinapanda. Chumba kikiwa kimechoka, kinazama. Vyumba vyote kielea kilipanda. Cha nne kilipanda pungufu kidogo ya wenzake.

"Hicho vipi?" nikamuuliza fundi.

"Kitajulikana kikilala," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Mzee alifika kijijini na lori la jioni, amevaa koti zito na kofia yake ya kitambaa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba, kijana wangu," kwa sauti ileile ya Muze, kama vile sikuwa shahidi wa upande wa pili. Hilo lilinisumbua kuliko kama angenitukana. Tulipoifunga betri mahali pake akatoa gunia akataka kuifunika.

"Hapana," mwenyekiti akasema. "Kwetu gari halivai nguo."

"Ndugu mwenyekiti, hata ng'ombe baridi hii mnamwingiza zizini."

"Ulipotuuzia, ulituuzia na gunia?"

Wote wawili wakanitazama mimi. Niliona kila mmoja ana haki yake. Nikasema iachwe bila gunia, kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyolala siku zote tangu ifike kwetu. Mzee akakunja gunia lake taratibu, akalikalia kwenye kiti cha dereva.

Sikulala vizuri. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, unageuka kama unalalia mawe. Kwani betri ni yako?"

"Nikisema vibaya nitamfunga mtu asiye na kosa."

"Na ukisema vibaya upande ule mwingine?"

Upande ule mwingine ulikuwa mwenyekiti, na yeye mke wangu, na darasa zima.

Kulipopambazuka nilimpelekea mzee uji wa ulezi. Kioo cha pikapu kilikuwa cheupe kwa umande ulioganda, nikagonga kwanza ili nijue yu hai. Alifungua mlango, midomo imebadilika rangi. Mgambo alikuwa amekaa pembeni yake humo ndani, wamejifunika blanketi moja. Sijui ni saa ngapi waliamua hivyo. Mgambo alishuka haraka alipowaona watu wanakuja.

Walikuja karibu wote. Mwenyekiti alisimama mbele, mikono nyuma. Nikafungua boneti. Vidole vyangu vilikuwa vizito, kifuniko cha kwanza kikaniponyoka kikaanguka mavumbini, na mtu akasema, "Shahidi anatetemeka." Nikakifuta kwa shati. Nikafyonza chumba cha kwanza, kielea kikapanda. Cha pili, kikapanda. Cha tatu, kikapanda. Nilikuwa nanyanyua bomba juu ili mwenyekiti na mzee waone wote wawili, hata mmoja asije kusema nilificha.

Cha nne, kielea kilizama mpaka chini kikatulia hapo.

Nikarudisha maji yake, nikafyonza tena. Kikazama tena. Cha tano na cha sita vikapanda.

"Washa," mwenyekiti akasema.

Nikaingia, nikabonyeza. Stata iligeuka mara moja kwa uzito, ikageuka tena nusu, ikaguna, ikanyamaza. Nyuma yangu watu wakalipuka. "Mzoga! Mzoga!" Mzee alikuwa ameshika kikombe kitupu cha uji kwa mikono miwili.

"Haya, ndugu utingo," mwenyekiti akasema. "Umeshajua. Sema."

Na hapo ndipo palikuwa pagumu, kwa sababu sikuwa nimejua. Chumba kimoja kilikuwa kimekufa, hilo lilionekana. Lakini chumba hufa kwa uzee, na hufa pia kwa kukamuliwa mpaka mwisho na kuachwa kitupu. Kilikufa kwake au kwetu? Kipimo hakisemi. Nikasema, "Nina swali moja kwa mzee na moja kwako. Nikishajibiwa nitasema."

Nikamgeukia mzee. "Mzee wangu, gari lilipokuwa lako, chumba hiki cha nne ulikuwa unakiongeza maji kuliko vingine?"

Angeweza kusema hapana. Nani angejua? Dereva wake hakuwepo, na mimi Muze niliona maji yako sawa vyote. Aliutazama mlango wa duka la kijiji uliokuwa umefungwa, nadhani alikuwa anaona wa kwake. Kisha akasema, "Ndiyo. Kilikuwa kinakunywa. Lakini gari liliwaka kila siku, kwa hiyo sikuona ni neno."

"Mnamsikia!" mwenyekiti akasema. "Amekiri!"

"Bado swali lako, ndugu mwenyekiti," nikasema. "Taa za darasa ziliwaka injini ikiwa imezimwa?"

"Hilo si swali la betri."

"Ni la betri."

"Unanihoji mimi? Mbele ya wananchi?"

Nilidhani nimeishia hapo. Ndipo sauti ikatoka kwenye kundi la akina mama, na niliijua kabla sijageuka. "Ziliwaka," mke wangu akasema. "Nilisoma kwazo. Injini ilikuwa kimya, tulikuwa tunamsikia mwalimu vizuri." Mama mwingine, mtu mzima wa rika la mama yangu, akamwambia mwenyekiti, "Ni kweli, mwanangu. Wala usimkasirikie. Ulitusaidia. Lakini ziliwaka."

Uso wa mwenyekiti ulifanya kitu ambacho sitakieleza, kwa sababu si haki kueleza uso wa mtu wakati hawezi kuugeuza.

Nikasema nilivyoona. Kwamba mzee alituuzia betri yenye chumba dhaifu, na joto la Muze lilikificha, pengine hata kwake mwenyewe. Kwamba sisi tuliikamua kwa taa mpaka kile dhaifu kikafa, na baridi yetu ikamalizia. Kwamba siwezi kupima kosa la nani ni kubwa zaidi.

"Kwa hiyo mimi niandike nini wilayani?" mwenyekiti akauliza.

"Ukiandika la kwake, andika na la taa. Nitakuwa shahidi wa yote mawili."

Mwenyekiti akasema, bila kumtazama mtu, "Barua haiendi." Mzee akasema atatoa betri iliyoko kwenye lori lake kule mjini na kuchukua hii, na kwamba safari hii ijaribiwe hapahapa, alfajiri, siyo Muze. "Na darasa," mwenyekiti akasema, "litaanza jua halijazama. Mashamba yatasubiri." Sikutegemea kulisikia hilo.

Ili betri ile irudi mjini ilibidi pikapu iende, na ili iende ilibidi isukumwe. Mimi nilikaa kwenye usukani. Mzee alivua koti akashika upande mmoja wa nyuma. Mwenyekiti akashika wa pili, na mgambo na vijana katikati. Tukashika mteremko wa kuelekea barabarani. Nilipoachia klachi gari lilishtuka, likakohoa, likawaka, nami sikuthubutu kupunguza mwendo hata kidogo. Kwenye kioo nilimwona mzee anakimbia, kofia mkononi, na mwenyekiti anamsukuma mgongoni ili afike, anapiga kelele, "Ruka, mzee! Ruka, huyu hasimami!" Akaruka nyuma juu ya magunia matupu yaliyokuwa humo. Watu walicheka. Sikujua wanamcheka yeye au mimi.

Duka lake halikufungwa. Mwenyekiti alikaa mpaka mavuno yaliyofuata bila kunisalimia kwanza, nami nilimsalimia. Lile neno la mkaa lilibaki mlangoni mpaka tulipobadilisha mlango. Na chumba cha nne, kama kilifia Muze au kwetu, mpaka leo ninapoandika haya sijui.